Barua ya Kujiuzulu Iliyolala Kwenye Biblia Yangu

Nimefundisha shule ya Jumapili miaka kumi na moja hivi, na kati ya hiyo, miwili nilikuwa naenda darasani kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Naandika kwa sababu nimechoka kusikia watumishi waliovunjika moyo wakiambiwa "omba tu". Niliomba. Niliomba mpaka koo likakauka.

Mambo yalinijia kwa mkupuo. Kazi iliisha, nyumbani kukawa na mgonjwa, halafu ikazuka hadithi kwamba sadaka ya watoto "inapungua njiani". Sadaka yenyewe sarafu za kujaa kiganja kimoja! Hakuna aliyeniuliza usoni. Nilisikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Wazazi wakaanza kukaa na watoto wao kwenye ibada kubwa. Jumapili moja nilikuta watoto watatu, mmoja amelala begani kwa dada yake. Somo lilikuwa Gideoni. Yeye alipunguziwa jeshi akabaki na watu mia tatu. Mimi watatu, na mmoja anakoroma.

Ndugu mmoja, mtu mwema tu, akanivuta pembeni: "Mwalimu, yule mmisionari William Carey alifika India mwaka 1793, akangoja mpaka mwishoni mwa 1800 ndipo akabatiza Mhindu wa kwanza. Wewe miezi michache tu unalia?" Nilinywea. Nikaapa kujikaza.

Basi nikafunga siku tatu, maji matupu, na usiku wa pili nikaenda kwenye mkesha. Nilipiga magoti, nikalaza paji la uso kwenye benchi, nikaanza kumwaga moyo. Nilichokumbuka baadaye ni mkono mzito kichwani na sauti ya mama mmoja akikemea kwa nguvu zote. Nilikuwa nimekoroma, naye akadhani ni pepo anaunguruma. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia ukweli. Nikatulia akamaliza, watu wakashangilia kwamba nimefunguliwa. Siku ya tatu ikaangukia Jumapili. Mtoto aliomba ruhusa ya kutoka mara ya nne, nikamfokea hadi akalia. Tulikuwa kwenye somo la tunda la Roho. Nilikuwa nimefika uvumilivu.

Usiku ule nikaandika barua ya kujiuzulu, ukurasa mzima, maneno makali. Nikaificha kwenye Biblia, na Biblia ikafunguka pale Eliya anapokaa chini ya mti wa mretemu akiomba afe. Habari ile nimeifundisha mara ngapi! Lakini sikuwahi kuona kwamba malaika hamkemei. Anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anamwamsha ale mara ya pili kwa sababu safari ni ndefu. Kumbe hata nabii aliambiwa kwanza ale. Nikala nikalala.

Barua sikuichana. Nilijiwekea sharti: nitaikabidhi nikitimiza siku thelathini mfululizo za kulala vizuri bila kuumizwa na mtu kanisani. Nikiumizwa, hesabu inaanza upya. Ujanja huo najivunia hadi leo. Niliwahi kufika siku ya kumi na tisa, mtu akanisema kuhusu viti visivyopangwa, nikarudi moja. Ukiwa na hasira, kwa hesabu hiyo, huwezi kuondoka.

Uvumi wa sadaka niliumaliza kwa daftari. Wazazi wawili wanahesabu nami mezani, wanaandika, wanasaini. Kama unashika hata senti moja ya kanisa peke yako, acha leo.

Baadaye nikamsoma Carey mwenyewe, maana jina lake lilikuwa limenikaa kooni. Mwanawe alifariki kulekule, mkewe akapatwa na ugonjwa wa akili. Halafu mwishoni mwa 1799 wakafika wamisionari Marshman na Ward kufanya kazi naye; mwaka mmoja baadaye ndipo ubatizo ule ukafanyika. Ndugu yangu hakunisimulia kipande hicho! Hata Eliya alipoteremka kule Horebu alipewa Elisha wa kumsaidia.

Nikaomba mwenzangu. Mchungaji akanipa kijana niliyekuwa namwona mtu wa mzaha, na ni mzaha huohuo uliowarudisha watoto. Yeye anashika Jumapili mbili kwa mwezi, nami nakaa kwenye ibada kama muumini mwingine. Mara ya kwanza sikujua pa kuweka mikono.

Barua ile ya kwanza kijana huyo aliichukua siku karatasi za watoto kuchorea zilipotuishia. Upande wa nyuma kuna safina ya Nuhu yenye twiga mwenye miguu mitano. Ya pili niliiandika mwezi uliopita. Anaitunza yeye, na ndiye anayehesabu. Tuko siku ya kumi na moja.