Kumbe muwati una maua

Leo tarehe 1 Septemba, huku Canberra, Australia, watu wamevaa vijitawi vya maua ya njano kwenye makoti, na kazini yule dada wa mapokezi kanibandika na mimi kimoja kifuani bila hata kuniuliza, ati leo ni siku ya wattle. Nikacheka peke yangu mpaka akaona aibu. Jamani, mimi mtoto wa Njombe! Nimekulia kwenye moshi wa mti huo, leo navalishwa kama medali.

Kwa msiojua, wattle ndio sisi tukageuza tukasema muwati. Kwetu kuna kampuni ya miwati tangu 1949, magome yanabanduliwa yanatolewa dawa ya kutengenezea ngozi, mti unaobaki unakuwa nguzo, kuni, na mkaa ambao ukiuweka jikoni unakaa na moto mpaka maharage yanaiva. Sasa mti ule asili yake ni huku huku, kusini mashariki mwa Australia, sisi tuliletewa tu. Ila wanaouvaa leo sio ule wetu hasa, ni ndugu yake. Wetu una maua yaliyopauka kama maziwa yaliyoganda, huu wao ni njano kali ya kiini cha yai la kienyeji, na ndio ua la taifa kuanzia 1988, siku yenyewe ikaanza kusherehekewa nchi nzima 1992. Zile jezi zao za kijani na njano unazoziona kwenye kriketi na raga, rangi ndio hiyo hiyo.

Kitu kilichoniua kabisa ni jina. Wattle kwa Kiingereza cha zamani ni fito. Zile fito unazofuma halafu unakandika udongo. Wazungu wa mwanzo walipofika huku walijenga nyumba za fito na udongo kama za kwetu kabisa, wakakata hii miti, jina likaganda. Yaani ua la taifa la Australia ukilitafsiri vizuri ni ua la mfito. (Na ugomvi mwingine nausema haraka nisije nikapandwa na hasira: wataalamu wa mimea walikaa Vienna 2005 na wakarudia Melbourne 2011, wakaamua jina Acacia libaki kwa miti ya Australia maana ipo aina karibu elfu moja, migunga yetu ya Serengeti ikapewa majina mengine. Twiga hawajaambiwa.)

Haya, nilitaka kuandika kuhusu picha, nimepotea njia.

Mwaka huu nilinunua kamera ya mtumba na lenzi ya milimita 300, kwa hela ya zamu za usiku, na tangu mwisho wa Julai kila nikitoka zamu naenda pale bustani ya mimea ya taifa, kwenye mteremko wa Black Mountain, ambako wamepanda mimea ya Australia tu. Baridi ya asubuhi ni ile ya Njombe ya mwezi wa saba, jani linavunjika kwa barafu, nilijihisi nyumbani hata kabla sijaona mti.

Picha za wiki ya kwanza zilikuwa aibu. Njano yote imekuwa bonge moja, kama mayai ya kuvuruga. Kumbe kamera ikiona njano kali kwenye jua inapagawa, vile vinyuzi vyote vinaungua. Ua la muwati ukiliangalia kwa karibu ni kijipira, kidogo kuliko punje ya njegere, na hicho kijipira kimoja ni maua mengi madogo yamesongamana, kila moja limetoa vinyuzi vyake, sasa picha ikipoteza vinyuzi imepoteza kila kitu. Nikajifunza kwenda siku ya mawingu, kushusha mwanga mpaka picha ionekane kama imekosewa, na kutafuta kivuli cheusi nyuma ya tawi. Kuna babu mmoja anakuja na kiti chake cha kukunja na rangi za maji, nikamuuliza njano hiyo anaipataje, akanionyesha karatasi: hajapaka njano kabisa, kapaka kwanza majani na vivuli, kijivu na kijani kilichofifia, maua kayaacha karatasi tupu. Njano inakuja mwisho, matone tu. Nimekaa nikamwangalia karibu saa nzima na sikupiga picha hata moja, na naona ndio siku niliyojifunza zaidi.

Ila ndege! Ndege ndio walionitesa.

Mimi nilikuwa na picha yangu kichwani, kandege kametumbukiza mdomo kwenye ua, kama chozi anavyofanya kwenye maua ya mgomba. Nikalenga lenzi kwenye maua, nikangoja. Wanakuja, wadogo wa kahawia na njano wasiotulia hata sekunde, na wale wenye pete nyeupe jichoni, wanaruka tawi hadi tawi, lakini kila nikibofya napata mgongo. Wamewapa maua kisogo! Siku tatu napata migongo. Ya nne nikaacha kamera nikaangalia kwa macho, ndio nikaona kila ndege anadonoa pale chini ya jani, kwenye kiungo. Nikasogea. Pana kijipele, nikakigusa kinanata, kama tone la juisi lililokaukia mezani. Nikasoma baadaye usiku: ua la muwati halina asali. Utamu umewekwa kwenye jani, ambalo nalo kusema kweli sio jani, ni kikonyo kilichotanuka kikajifanya jani. Ndege anafuata kijipele, na akijipenyeza humo kwenye maua anapakwa ungaunga wa njano kichwani bila habari, anaupeleka mti mwingine. Hajaja kwa ajili ya ua. Tangu siku hiyo nalenga kiungo cha jani, kasi ya kamera kufumba (shata) nimeweka sekunde moja igawanywe mara elfu moja na mia sita, na ninapata nyuso.

Nimepata nyingine ya kasuku mkubwa mweusi mwenye mashavu na mkia wa njano, huyo yeye hana habari na maua wala majani, anabandua gome la muwati kwa mdomo anatafuta funza ndani ya mti, vibanzi vinaruka kama kwa fundi seremala. Hiyo picha imetikisika kwa sababu nilikuwa nacheka. Nilimkumbuka baba na shoka la magome.

Na siku moja ndege wanayemwita magpie kanipiga utosini, msimu huu wanalinda vifaranga, nimevaa helmeti ya baiskeli kwenda kupiga picha za maua, msinicheke.

Usiku huu nimekuwa nikisoma habari za Elizabeth Gould, yule mama Mwingereza aliyekuja huku na mumewe 1838 kuchora ndege. Wengi wanamjua mume. Alikuja na mtoto mkubwa, wadogo watatu akawaacha Uingereza kwa mama yake mzazi, akawa anachora ndege huku akiwa mjamzito, akarudi kwao 1840, mwaka uliofuata akafariki baada ya kujifungua, ana miaka 37. Nimeangalia michoro yake kwenye simu, kila manyoya yamekaa mahali pake, halafu nikazima simu. Wangu yupo mmoja tu, na yuko kwa mama Njombe.

Nikawapigia. Huku saa mbili usiku, kwao saa saba mchana.

"Kamwene mama." Nikamtumia picha yangu bora, yule mwenye pete jichoni, paji la uso limejaa unga wa njano.

"Huyu si yule kandege wa kwenye mifyulisi?" mama akasema. "Anayemaliza matunda kabla hatujachuma. Kafikaje huko?"

Nikamwambia sio huyo, ni ndugu yake. Akasema mwizi ni mwizi tu. Mtoto akadandia simu, akauliza kwa nini ndege kavaa miwani.

"Na huo mti ni muwati," mama akarudi. "Naona umeshakomaa. Magome wanauza kilo shilingi ngapi huko?"

"Huu hawauzi mama. Wanaangalia maua."

"Wanaangalia tu?"

"Wanaangalia tu."

Akanyamaza kidogo, nikamsikia anasogeza sufuria. Akasema wa kule bondeni nao umetoa maua, atamtuma mtoto akapige picha kwa simu ya mjomba, ila wafanye haraka, maana Jumamosi unakatwa.