Siku moja na jinzi kuukuu, gundi na visu

Saa 12:20 asubuhi

Hata uso sijanawa, nimeshashika spana. Jana usiku nilibana mzigo kati ya vipande viwili vya mbao, bolti nne pembeni, na usingizi wenyewe ulikuwa wa mang'amung'amu. Kabla ya kulegeza nati nachukua kikombe cha plastiki nilichobakishia gundi kidogo, nachoma kwa ncha ya msumari. Haingii hata alama. Basi na ndani imekauka.

Mbao nilizivika nailoni nzito, kwa sababu gundi ya epoksi haishiki nailoni. Nazitenganisha, kraa! Linatoka tofali. Ubaya wake usiuone: ukingoni matone yameganda kama nta ya mshumaa, nyuzi za jinzi zinachomoza kama ndevu za beberu. Nikiligonga kwa ukucha halilii kama mti. Linalia kama sahani.

Hiyo ndiyo mipini yangu ya visu. Suruali za jinzi zilizokufa, safu 14, zimelowekwa kwenye gundi na kubanwa hadi zikabaki milimita 10 hivi.

Saa 2:00

Chai na chapati kwa mama ntilie hapa hapa Tabata. Meza yake ni ya fomika, imebanduka pembeni, na kila siku nakwangua pale kwa kidole hadi anigombeze. "Fundi, unaimaliza meza yangu." Shikamoo, mama, naisoma tu. Ukitazama ule mbanduko utaona karatasi juu ya karatasi, kahawia, zilizoshikana kwa gundi. Ni ukoo mmoja na mpini wangu. Kampuni ya Westinghouse kule Marekani ilianza kutengeneza vitu vya namna hii karibu mwaka 1910, karatasi na vitambaa vilivyokandamizwa na gundi kwa moto, kazi yake kuzuia umeme usipite. Wakaiita Micarta. Mwaka 1912 watu wawili waliotokea huko huko, Herbert Faber na Daniel O'Conor, wakabuni ya kwao ya kushika nafasi ya ulanga, yale madini yanayometameta. Ulanga kwa Kiingereza ni mica, na jina Formica likazaliwa hapo. Sisi tukaiweka mezani, tukaiita fomika.

Yao hupikwa kwenye mashine zenye joto na mgandamizo mkubwa. Yangu hubanwa kwa spana namba 17. Sidai ni kitu kimoja, ila kisu hakijanilalamikia.

Saa 3:15

Barakoa ya chujio, miwani, mikono mirefu. Vumbi la kitu hiki si la kuchezea: ni gundi na nyuzi zilizosagwa, na zikikaa kifuani hazitoki. Kijana wangu wa kazi alikuwa anafunga leso mdomoni kama jambazi wa sinema, nikamwambia siku atakayokuja na leso atafagia tu.

Napasua tofali kwa msumeno. Katikati ya mkato naona doa jeupe, refu kama punje ya mchele. Nachokoa kwa ncha ya kisu, linazama. Pengo! Nalifuata linakoelekea, nakuta pindo la suruali, ule mshono mnene wa pembeni. Mtu hakuutoa. Pale penye mshono kitambaa ni mara tatu, kwa hiyo mbao zikakaa juu yake kama meza juu ya kokoto, na pande zote mbili za mshono safu hazikugusana vizuri.

"Nani alikata jinzi hii?"

"Ni mimi, kaka. Nilidhani itabanwa tu."

Nimenyamaza, maana mwaka wangu wa kwanza niliacha zipu. Nusu ya tofali imetupwa, nusu nzima inatosha kisu kimoja, na kisu chenyewe ndicho kinachosubiriwa.

Saa 5:00

Kisu ni cha kijana anayekata samaki Feri. Chuma nilikichonga kutoka springi ya gari. Mpini wa kwanza nilimwekea mninga, mzuri, wa kupendeza. Miezi minne ya maji ya chumvi na magamba ukavimba, ukapasuka, pini zikaanza kucheza. Mninga hauna kosa. Kosa ni langu, nilimpa mkata samaki mpini wa sebuleni.

Nakwaruza msuka, ule mkia wa chuma unaokaa ndani ya mpini, kwa msasa wa 80 pande zote mbili ili gundi ipate pa kung'ang'ania. Nautoboa matundu matatu, naubana kwa mbavu mbili za jinzi, moja kila upande, nagonga pini za shaba ya manjano zilizotoboa upande hadi upande. Gundi, klampu mbili, naiacha. Makali nimeyafunga utepe wa karatasi wenye gundi tangu mwanzo, kovu la kidole gumba changu linakumbuka kwa nini.

Umeme unakatika saa 5:40. Hakuna mtu anayeshangaa.

Saa 7:30

Wali maharage. Umeme haujarudi, kwa hiyo nafanya kazi ya kufua.

Ndiyo, kufua. Kitambaa kipya cha dukani kina wanga, ndiyo maana khanga mpya inasimama yenyewe. Wanga huo unaizuia gundi isinywewe. Nakifua kwa sabuni na maji ya moto, nakianika juani, na jioni nakipiga pasi ya mkaa hata kama kinaonekana kikavu, kwa sababu hewa ya Dar ina maji yake na gundi haitaki unyevu.

Vya leo ni kijani na njano, pamba tupu, kutoka Kariakoo. Mteja ni mwenye bucha, Yanga wa damu. Aliniletea jezi yake kuukuu akitaka mpini utokane na jezi yenyewe. Nilijaribu kipande. Jezi ni poliesta, haikunywa gundi, ilijipaka tu juu kama mtu aliyenawa vidole viwili. Nilipochomeka patasi safu zikaachana. Nilipomrudishia akanuna. "Au kwa sababu wewe Simba?" Mimi ni Simba kweli, lakini poliesta haina timu.

Kabla ya kukata nachovya kona ya kila kitambaa kwenye maji. Rangi ya kitambaa kilicholowa ndiyo rangi utakayoipata mwishoni. Kijani kinakuwa cha chupa, njano inakuwa ya bizari. Inafaa. Nyeupe ndiyo tapeli: ikilowa inageuka kama karatasi ya maandazi.

Saa 12:10 jioni

Gundi sichanganyi mchana. Januari moja nilichanganya saa nane nusu lita kwenye kopo, nikaitwa nje dakika mbili, niliporudi kopo linafuka moshi na limelainika kama ubani. Gundi hii inajipasha moto yenyewe, na ikiwa nyingi mahali pamoja joto halina pa kutokea. Sasa nasubiri jua lishuke, na nikishachanganya namimina kwenye sinia pana.

Mizani ya jikoni: gramu 120 za gundi, gramu 60 za hadina, dawa ya kuigandisha, kama kopo linavyosema. Sikisii kwa macho. Hadina ikizidi haiharakishi chochote, inakuachia mpini laini milele. Glavu mikononi, kwa sababu ukishapata mzio wa epoksi unao.

Vipande 30, sentimita 15 kwa 10. Kijani viwili, njano kimoja. Kila kimoja nakilaza kwenye sinia, nakigeuza, nakikamua kwa vidole viwili mpaka povu lote litoke. Kijana anapanga, mimi nalowesha. Ukilitazama tofali hili likitoka litakuwa kijani tu. Mistari itaonekana siku nitakapozungushia msasa mbavuni, safu zikianza kujitokeza moja baada ya nyingine kama pete za mti. Naishia msasa wa 400, sing'arishi. Wateja wanataka ing'ae kama kioo, halafu mkono wenye mafuta ya nyama unateleza kuelekea makali.

Kipande cha 15, katikati kabisa, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kapu la mabaki. Kulikuwa na kitambaa chekundu.

Kijana akanitazama. "Kaka, usifanye hivyo."

"Akiuliza?"

"Atauliza."

Nikakilowesha taratibu, nikakikamua, nikakilaza katikati. Nailoni, mbao, bolti nne. Nikakaza kona kwa kona hadi gundi ikaanza kuchuruzika pembeni, tone moja likaangukia kandambili yangu ya kushoto, na hapo umeme ukarudi.

Saa 2:45 usiku

Klampu za kisu cha Feri hazifunguliwi hadi kesho. Kijana ameniaga, amefika mlangoni, amerudi.

"Kaka, kile chekundu tumeweka kimoja au viwili?"

"Kimoja."

"Basi mimi niliweka kingine."