Nani aliandika majina?

Kila mtu akitaja vita vya Waingereza anataja makamanda wao Nelson na Wellington, lakini mimi kinachonisumbua ni kingine kabisa: hao maelfu ya mabaharia na askari walitoka wapi, na nani aliandika majina yao? Nimesoma hii historia kwa muda sasa na jibu halibadiliki, karne nenda karne rudi, si mfalme wala jenerali, ni ofisa mdogo wa pale kijijini, mtu anayekujua, anajua baba yako ni nani na una deni kwa nani.

Chukua sheria ya wanamgambo ya 1757. Kila kaunti ilipewa idadi yake ya watu, juu kabisa kuna Lord Lieutenant, yaani mwakilishi wa mfalme kwenye kaunti, chini yake mahakimu, na huko chini kabisa konstebo wa parishi ambaye ndiye aliandika wanaume wote wa miaka 18 hadi 50, alafu majina yanapigiwa kura ya bahati. Likitoka jina lako na uko na pesa, unalipa pauni 10 ama unatafuta mtu aende badala yako. Huna? Unaenda. Na watu hawakunyamaza, mwaka huo huo walivamia mikutano ya mahakimu wakapokonya zile listi na kuzichoma, na mimi nawaelewa kabisa, hatari yenyewe ilikuwa kwa ile karatasi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1700 ilikuwa mbaya zaidi, juu bunge liliwapa mahakimu ruhusa ya kupeleka jeshini wanaume wenye nguvu ambao hawana kazi halali, na konstebo analipwa kwa kila mtu anayemleta. Mwenye haki ya kupiga kura ya kuchagua mbunge aliachwa. Hapo nilichemka kweli, maana wanaotunga sheria waliwalinda wanaowachagua na wakamwachia maskini vita.

Majini nako? Mwaka 1795 Uingereza inapigana na Ufaransa, meli hazina watu wa kutosha, serikali ya waziri mkuu William Pitt ikagawia kaunti mzigo: Yorkshire ilete watu 1,081, Rutland kale kadogo ilete 23, na bandari ya London peke yake 5,704. Kaunti isipotimiza inapigwa faini, kwa hivyo ikabidi wachange pesa za kuwavutia watu wajiandikishe, na kuna wenye makosa madogo madogo ambao waliambiwa wachague jela ama meli.

Lakini ofisa wa mtaani angeweza pia kukataa, na hii sehemu ndiyo naipenda zaidi. Vile vikosi vilivyokuwa vinakamata mabaharia barabarani vilihitaji hati zao zisainiwe na mkubwa wa mahali pale, na Brass Crosby, aliyekuwa meya wa London kuanzia 1770, alikataa kusaini, akaweka makonstebo wazuie watu wa mji wake wasichukuliwe. Mtu mmoja na kalamu yake, na watu wakalala nyumbani kwao.

Mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, meya wa Accrington huko Uingereza, John Harwood, yeye alifanya kinyume, akajitolea kuunda kikosi kizima cha vijana wa mji huo mdogo na majirani zake. Tarehe 1 Julai 1916 kule Somme, Ufaransa, kati ya watu kama 700 walioingia vitani, 235 waliuawa na wengine 350 wakajeruhiwa, asubuhi moja tu. Mwaka huo huo watu walishaanza kulazimishwa kwenda vitani, na wa kuamua nani abaki nyumbani ni mabaraza ya mitaa, yaani diwani na mwenye duka wanakaa mezani kusikiza mama akilia mtoto wake wa mwisho asichukuliwe.

Sasa hiyo mashine yote ikaletwa kwetu Kenya. Huku konstebo wa parishi akawa chifu. Sheria ya 1912 ilishampa chifu na headman (mkuu wa kijiji) nguvu juu ya watu wake, na Machi 1917 John Ainsworth alipopewa kazi ya kutafuta wapagazi wa Carrier Corps, kile kikosi cha kubebea jeshi la Waingereza mizigo, DC (mkuu wa wilaya) anampa chifu idadi, chifu anamshukia headman, headman anaangalia ni nani hana wa kumtetea. Wapagazi waliopita kambi ya Kariokor, Nairobi, wakaenda kufa Tanganyika kwa njaa, kuhara na malaria ni makumi ya maelfu.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba msamaha kwamba Waafrika wengi waliokufa hawakuwahi kuwekewa majina yao popote. Wale wa Accrington wana mnara wao. Kwa hivyo ukienda ushago Desemba, waulize wazee kama kuna babu aliyechukuliwa na hakurudi, uliza na headman aliyemwandika alikuwa nani, na uyaandike majina yote mawili.