Kabla sijajibu, nahesabu hadi saba

Saa nane usiku simu iliita. Daktari wa mafunzo aliyekuwa zamu alinisomea majibu ya maabara kwa pumzi moja: kijana wa miaka 19, sukari imepanda sana, ketoni (kemikali zinazotokea mwili ukichoma mafuta badala ya sukari) nyingi kwenye mkojo, anapumua haraka na kwa kina, potasiamu 2.9. Kisha likaja swali nililolitarajia. "Dokta, nianze insulini?"

Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Insulini huitoa potasiamu kwenye damu na kuiingiza ndani ya seli. Ukiianza wakati potasiamu iko 2.9, tayari chini ya kawaida, inaporomoka zaidi, mapigo ya moyo yanavurugika, na unaweza kumpoteza mgonjwa aliyekuja akiwa anaongea. Neno moja tu, "usianze," lingetosha, nami ningerudi kulala.

Nikamwuliza, "Wewe unaona tufanye nini, na kwa nini?"

Halafu nikanyamaza na kuanza kuhesabu kimoyomoyo. Upande wa pili nilisikia mlio wa monita. Nne, tano. Nikasikia karatasi ikigeuzwa. Sita.

"Nikianza sasa, potasiamu itashuka tena," akasema taratibu. "Basi nisianze. Maji yaendelee, niongeze potasiamu kwanza, ikipanda ndipo niweke insulini."

"Na kabla hujaongeza potasiamu?"

"Mkojo. Nihakikishe anakojoa."

"Sawa. Endelea, unipigie kipimo cha pili kikitoka."

Alipopiga mara ya pili hakuuliza kitu. Alinipa taarifa: amefanya nini, ameona nini, anafanya nini baada ya hapo. Nilimsikiliza nikijua kwamba kwa muda usiofika dakika mbili alikuwa amepata kitu ambacho mtangulizi wake hakukipata kwangu kwa mwaka mzima.

Huyo mtangulizi wake ndiye aliyenifungua macho. Alikuwa mwerevu, mchapakazi, mtu wa kufika wodini kabla ya wauguzi kukabidhiana zamu. Kila aliponiuliza nilimjibu, tena haraka, kwa sababu niliamini daktari bingwa mzuri ni yule asiyemwacha mdogo wake akihangaika. Alipohamia kituo kingine aliendelea kunipigia karibu kila usiku. Siku moja nikamwuliza, kwa upole, kwa nini hajiamini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Dokta, nikiwa kwako nilijifunza kujua wewe utasema nini. Mimi ningesema nini, sikuwahi kuulizwa."

Maneno hayo sijayasahau. Tunawahimiza vijana kwamba kuuliza si ujinga, na ni kweli. Lakini anayeulizwa naye ana kazi yake, na hiyo hatukufundishwa. Miaka yote ya chuo nilifundishwa kujibu. Mtihani ni kujibu, raundi ya wodini ni kujibu, na heshima ya daktari hupimwa kwa wepesi wa jibu lake.

Siku hizi kazi hiyo inaitwa ukocha, na neno lenyewe linanipendeza kwa sababu ya jambo moja. Kocha wa mpira hata aone goli liko wazi namna gani, haruhusiwi kuingia uwanjani kupiga mpira. Sheria inamzuia. Sisi madaktari hakuna mstari unaotuzuia, kwa hiyo inabidi tuuchore wenyewe.

Nilipoamua kubadilika, nilimwomba daktari mwenzangu atembee nami raundi nzima bila kusema neno, akiwa na karatasi na saa. Wazo hilo nililipata kwa daktari mpasuaji Atul Gawande, aliyeeleza mwaka 2011 jinsi alivyomwita mpasuaji mstaafu aliyewahi kumfundisha aje amtazame akifanya upasuaji. Mzee yule aliona vitu ambavyo Gawande mwenyewe, pamoja na uzoefu wake wote, hakuviona: taa ilikuwa imehama kwenye kidonda, kiwiko kimeinuka juu kuliko inavyofaa. Mimi karatasi yangu ilionyesha maswali 14 kwa wagonjwa sita. Tisa kati ya hayo niliyajibu mwenyewe. Nilipoiona nilikaa kitini nikaisoma tena.

Baadaye nikakutana na kazi ya Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, ambaye miaka ya 1970 alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Walisubiri kama sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, yalikuwa na sababu ndani yake, na waliokaa kimya bila kujibu walipungua. Sekunde tatu! Mimi nahesabu hadi saba kwa sababu daktari kijana saa nane usiku amechoka, anaogopa, na anamkumbuka mgonjwa wake huku akinikumbuka na mimi.

Swali lenyewe nalo lina namna yake. "Unaona tufanye nini" ni tofauti na "unajua dawa ya hii ni nini." La pili ni mtihani, na mtu akitahiniwa mbele ya wenzake hutafuta kunifurahisha. La kwanza linamweka yeye kwenye usukani. Mwaka 1992 madaktari wa familia wa Marekani, Neher na wenzake, walitoa utaratibu mfupi wa kufundishia kliniki wenye hatua tano, na hatua mbili za mwanzo ndizo ninazozitumia kila siku: mfanye mwanafunzi aseme msimamo wake, kisha mwulize amefikaje hapo. Ukishajua njia aliyopita, unajua pa kumsaidia. Wakati mwingine jibu ni sahihi na njia ni mbovu, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi, maana kesho njia ileile itampeleka pabaya.

Niseme wazi, moyo wa mgonjwa ukisimama hakuna ukocha. Hapo mwenye uzoefu anaamuru: wewe bana kifua, wewe shika njia ya hewa, wewe tunza muda. Hakuna "unaonaje." Ukocha unakuja baadaye, mkishanawa mikono, mmekaa, na hata hapo unaanza kwa kuuliza kila mmoja yuko salama moyoni. Na yule daktari kijana wa simu ya potasiamu, kama angesema "nianze insulini," ningemzuia papo hapo, kisha tungerudi kwenye sababu. Uhuru ninaoutoa una uzio, na uzio huo ni usalama wa mgonjwa.

Ndiyo maana tunakubaliana mipaka kabla. Juzi daktari mmoja wa kike alikuwa anakwenda kuchoma sindano ya kutoa maji ya uti wa mgongo kwa mara yake ya tatu. Nje ya mlango nilimwuliza, "Unataka niwe karibu na mkono wako, niwe ndani ya chumba, au niwe nje nikisubiri unite?" Akafikiri. "Ndani ya chumba, Dokta, lakini usisimame nyuma yangu." Tukakubaliana majaribio mawili, la tatu ni langu, na mgonjwa naye tukamweleza hivyo akaridhia. Kisha nikasimama ukutani, mikono nyuma, nikiwa nimekishika kifundo changu cha mkono wa kulia. Hivyo ndivyo ninavyofanya, kwa sababu mkono huu una tabia ya kwenda wenyewe.

Sindano iligonga mfupa. Niliona mabega yake yakipanda. Mgonjwa alikuwa macho, amelala ubavu, kwa hiyo nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umegusa nini?"

"Mfupa."

"Sindano inaelekea wapi?"

Akarudi nyuma hatua moja, akamtazama mgonjwa kwa upande, akaona mwenyewe kwamba ameielekeza chini mno. Akaivuta hadi karibu na ngozi, akaiweka ielekee kitovuni, akasonga polepole. Matone ya kwanza yalitoka meupe kama maji ya kunywa. Sikumwambia "hongera" na kuishia hapo, kwa sababu hongera tupu haimwambii mtu arudie nini kesho. Nilimwambia, "Ulipogonga mfupa ulisimama, ukatazama mwili wa mgonjwa mzima kabla ya kugusa tena sindano. Hilo lishike." Halafu nikamwuliza yeye angebadilisha nini. Akasema angetumia muda zaidi kumlaza mgonjwa vizuri kabla ya kuanza. Nami nilikuwa nimeliona hilohilo, lakini kwa kuwa amelisema yeye, ni lake.

Mwaka 2005 Mholanzi Olle ten Cate, mtaalamu wa elimu ya udaktari, alianza kuandika juu ya jambo hili kwa jina la kukabidhi: kwamba kwa kila kazi ya kidaktari tujiulize kijana huyu tunamwamini kiasi gani, kuanzia kutazama tu, kufanya akisimamiwa karibu, akisimamiwa kwa mbali, kufanya peke yake, hadi kuwasimamia wengine. Swali langu la mlangoni limetoka humo. Nilichoongeza ni kumwachia yeye aseme kwanza yuko wapi, na mara nyingi anajipima vizuri kuliko nilivyodhani.

Kilichonishangaza ni kwamba tabia hii haikubaki kwa madaktari. Ilinifuata hadi chumba cha kliniki. William Miller, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1983 aliandika juu ya namna ya kuzungumza na watu wenye tatizo la pombe, na baadaye akaiendeleza na mwanasaikolojia mwenzake Stephen Rollnick. Wanaonya juu ya ile hamu ya mtoa huduma ya kumnyoosha mtu kila anapoona amepinda. Kadiri unavyomvuta, ndivyo anavyojitetea. Nina mgonjwa wa presha ambaye kwa miezi nilimhubiria habari ya dawa zake, naye akawa ananiitikia tu. Safari moja nikamwuliza, kutoka 0 hadi 10, kumeza dawa kila siku kuna umuhimu gani kwako? Akasema 4. Zamani ningeuliza kwa nini si 10. Nikauliza, "Kwa nini 4 na si 1?" Akaanza kunieleza habari za kaka yake aliyepata kiharusi. Alizungumza muda mrefu. Sababu zote nilizokuwa nikimhubiria alizitoa yeye, tena kwa maneno mazito kuliko yangu.

Sijafika bado. Alhamisi iliyopita, raundi ikiwa imechelewa na simu yangu ikitetemeka mfukoni, yule daktari kijana wa simu ya potasiamu alianza kunieleza habari za mama mmoja ambaye miguu yake imevimba tena siku chache baada ya kuruhusiwa kwa ugonjwa wa moyo. Kabla hajamaliza nikasema, "Ongeza dozi ya dawa ya kukojoza." Akaandika. Tulikuwa tumeshapita vitanda viwili nilipogundua nilichofanya. Nikasimama pale katikati ya wodi.

"Nimekukata kauli," nikamwambia. "Naomba radhi. Ulikuwa unataka kusema nini?"

Akasita kidogo. "Dokta, nilikuwa nasema kwamba dawa ya kukojoza hamezi. Nimezungumza naye asubuhi. Choo kiko mbali na kitanda chake nyumbani, anaogopa kuanguka usiku, kwa hiyo anaziacha."

"Kwani anameza saa ngapi?"

"Jioni. Ndivyo tulivyomwandikia sisi."

Nikamwuliza anaona tufanye nini. Safari hii sikuhitaji hata kuhesabu. Alikuwa ameshageuka, anarudi kitandani kwa yule mama, kalamu mkononi, akafute jioni aandike asubuhi.