Nilivyojifunza kuitofautisha mialoni

Ukitaka kuujua mwaloni, mti ambao Waingereza huuita oak, usianze na umbo la jani. Mti mmoja hubeba majani ya sura tofauti: yale ya juu yanayopigwa na jua huwa na mikato mirefu, ya kivulini huwa mapana zaidi. Mimi naanza na vikonyo.

Mialoni miwili ya Ulaya ndiyo iliyonifundisha. Quercus robur, jina la kisayansi alilolichapisha Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753, matunda yake huning'inia kwenye kikonyo kirefu, lakini jani karibu halina kikonyo, na kwenye kitako chake kuna vijisikio viwili. Quercus petraea ni kinyume: tunda limekaa tawini moja kwa moja, na jani ndilo lenye kikonyo. Kwa hiyo natafuta kitawi chenye vyote viwili, jani na tunda. Miti hii huzaliana, na chotara wao, Quercus × rosacea, huchanganya sifa za pande zote. Nikimkuta, namwandika chotara, simlazimishi upande wowote.

Kwa mialoni ya Amerika Kaskazini natazama ncha za jani. Zikiwa na unywele mgumu, mti ni wa kundi la mialoni myekundu. Zikiwa za mviringo bila unywele, kwa kawaida ni wa kundi la myeupe. Kisha matunda. Ya myeupe hukomaa mwaka uleule ulipochanua. Ya myekundu mengi husubiri mwaka wa pili. Raha yangu kubwa ni kukagua kitawi cha mwaloni mwekundu mwishoni mwa majira ya joto: kwenye chipukizi jipya kuna vitunda kama vichwa vya njiti za kiberiti, na nyuma yake, kwenye sehemu ya mwaka jana, matunda makubwa yanayokaribia kuanguka.

Hata mbao hueleza. Nilichovya ncha ya kipande kifupi cha mwaloni mwekundu kwenye maji ya sabuni, nikapuliza upande wa pili, povu likatoka. Mwaloni mweupe, Quercus alba, mishipa ya kiini chake imezibwa, ndiyo sababu hutengenezewa mapipa ya mvinyo.

Majira ya baridi, majani yakishapukutika, Quercus cerris hunipa kazi nyepesi kuliko yote: matumba yake yamezungukwa na nyuzi ndefu. Mingine mingi nasubiri izae.