Karatasi mbili kitandani

Nilihesabu vijifuko vya jeli ya mume wangu wakati yuko bafuni. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonitia aibu kuliko yote nitakayoyasema hapa. Maji yanamwagika, mimi nimepiga magoti mbele ya kabati, natoa kijifuko kimoja kimoja na kukipanga sakafuni. Boksi lilikuwa na 30. Vilibaki 11. Tangu alifungue zilikuwa zimepita siku 19. Hesabu imekaa sawasawa. Nikavirudisha haraka, nikafunga mlango wa kabati kwa kiganja ili usilie, nikakaa kitandani nikijiona mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Kisa cha upelelezi huo kilikuwa karatasi ya maabara. Mume wangu alizaliwa akaitwa msichana, na wakati huo alikuwa mwezi wa tisa tangu aanze testosteroni, homoni ya kiume, ambayo ndiyo iliyomo kwenye ile jeli. Mwaka wa kwanza damu hupimwa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo hiyo ilikuwa mara ya tatu. Majibu yaliyotangulia yalisema testosteroni yake ni 14.2. Haya mapya yalisema 68.4, na pembeni pana mshale mweusi unaotazama juu.

Yeye hakusema neno. Alikunja karatasi mara nne, akaiweka chini ya mto. Usiku ndipo aliponiambia, taa imeshazimwa: "Watanipunguzia dozi." Sauti yake ilikuwa imeanza kushuka majuma machache tu nyuma. Alikuwa akipokea simu ya mtu asiyemjua, akaitwa "kaka", anakata simu huku anacheka peke yake. Sasa anaona vinakwenda kuchukuliwa vyote. Na mimi, mke, badala ya kumshika mkono, kichwani nina swali moja tu: huyu anajizidishia kwa siri? Ndiyo maana kesho yake nikapiga magoti mbele ya kabati.

Kabla ya kuhesabu vijifuko nilikuwa nimejaribu kuisoma ile karatasi mwenyewe, na nikajipoteza vizuri sana. Nilitafuta kiwango cha kawaida cha mwanamume, nikakuta 300 hadi 1000. Nikafurahi! Sitini na nane si nyingi, ni kidogo mno, mbona mshale unatazama juu? Ilinichukua saa nzima kuona kwamba wale walikuwa wanapima kwa nanogramu kwa desilita, na karatasi yetu ilikuwa ya nanomoli kwa lita. Kutoka hizi kwenda zile unazidisha kwa 28.85 hivi. Hiyo 68.4 ikawa karibu 1970. Furaha ikaishia hapo.

Mishale nayo si ya kuaminiwa yote. Kulikuwa na mwingine kwenye himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu: 15.6, juu. Juu ya nani? Kwenye mfumo wa maabara bado ameandikwa mwanamke, basi mashine inamlinganisha na wanawake na kumpigia kelele. Kwa mwanamume namba hiyo ni ya kawaida kabisa, na testosteroni kazi yake mojawapo ni kuongeza chembe nyekundu za damu. Ule mshale tumeuzoea. Tunauita jirani mbeya.

Siku ya daktari nilimsindikiza. Nilitegemea akunje uso, aandike dozi mpya. Yeye aliangalia kwanza hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu. Asilimia 45, ileile ya miezi mitatu nyuma. Wasiwasi, alisema, huanza inapovuka 54. Kisha akauliza swali ambalo halikunijia hata kidogo.

"Walikutoa damu mkono upi?"

"Kushoto."

"Na jeli asubuhi ile ulipaka wapi?"

Mume wangu akanyosha mikono yote miwili mbele, kama mtoto anayekaguliwa kucha. Huwa anapaka mabegani na sehemu ya juu ya mkono, na kwa kuwa jeli ni ya maji maji na yeye ana haraka, mabaki anayasugua hadi kwenye kiwiko. Alipaka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Saa moja kasoro sindano ilikuwa imeshaingia kwenye mshipa wa kiwiko hichohicho.

Basi ile namba haikuwa ya damu yake peke yake. Ilikuwa ya damu yake pamoja na ngozi ya juu, ambayo sindano iliipitia ikabeba chembe za jeli kuziingiza kwenye kichupa. Nilidhani ni maelezo ya kutupoza moyo hadi nilipopiga hesabu nyumbani. Kichupa cha mililita 5 chenye kipimo cha 68.4 kina takriban sehemu moja ya kumi ya mikrogramu ya testosteroni, basi. Anayojipaka kwa siku ni miligramu 50, ambayo ni mara laki tano ya hiyo. Doa usiloliona kwa macho linatosha kuharibu majibu yote. Tena hata bila doa hilo muda wenyewe ulikuwa mbaya, kwa sababu kwa jeli unatakiwa upitishe angalau saa mbili tangu kupaka ndipo utoe damu.

Akaambiwa apake tumboni kwa wiki nzima, kwa kuwa jeli yake inaruhusu, mikono asiiguse nayo kabisa, halafu arudi kupima saa nne asubuhi. Majibu: 16.1. Dozi haikuguswa. Alinitumia picha ya karatasi ile na chini yake hakuandika chochote isipokuwa "KAKA" kwa herufi kubwa.

Ningeweza kuishia hapo, na kwake yeye mambo yaliishia hapo. Lakini siku ile ndani ya chumba cha daktari kulikuwa na sentensi moja iliyonifanya nisisikie zilizofuata. Daktari alikuwa anaeleza kwa nini jeli inadanganya vipimo. Akasema, kwa wepesi tu, kama anayetaja hali ya hewa: "Katika unachopaka, karibu sehemu moja kati ya kumi ndiyo inayoingia mwilini. Zilizobaki zinakaa juu ya ngozi."

Nikapeleka mkono kidevuni. Kidevu changu kilikuwa na chunusi ambazo sikuwahi kuwa nazo hata nilipovunja ungo. Ngumu, za ndani, zinazouma ukizigusa. Zilikuwa na miezi minne.

Na mimi nilikuwa na karatasi yangu.

Nilikuwa nayo kwa majuma matatu, ndani ya kitabu ambacho najua hawezi kukifungua. Hedhi ilichelewa mwezi mmoja, wa pili ikaruka kabisa. Nikaenda kwa daktari mwingine, mahali pengine, peke yangu. Testosteroni yangu ilikuwa 4.1, na karatasi inasema mwanamke mwisho 2.4. Mshale juu. Daktari yule akazungumzia vifuko vya mayai, kwamba huenda vina vijimbe vidogo vingi, hali inayowapata wanawake wengi tu. Akaniandikia altrasaundi. Aliniuliza kama nina mimba, kama natumia dawa, kama mama yangu ana kisukari. Hakuniuliza mume wangu anatumia nini, na sikumwambia.

Hapo ndipo penye kiini, na nimekuwa nikikizunguka kama paka na uji wa moto. Sikumwambia kwa sababu sikutaka kuona uso wake ukibadilika. Nilishachoka kutazama nyuso zikibadilika. Nikasema moyoni: hiki ni kipimo changu, mwili wangu, hakimhusu mwingine. Na nyumbani sikumwambia mume wangu kwa sababu mwaka ule ulikuwa wake. Kila kitu kilikuwa cha kwanza kwake: ndevu tatu za kwanza, shati la kwanza lililomkaa kifuani. Nani aingie na habari za vifuko vya mayai?

Kumbe tulikuwa tunaugua karatasi moja.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Miezi mitano nyuma alibadilishiwa zamu kazini. Akawa anaamka alfajiri, anaoga, anapaka jeli, anavaa fulana ya mikono mifupi kabisa, ile inayoacha mabega wazi, kisha anarudi kitandani nusu saa kabla ya kuondoka. Nusu saa hiyo niliipenda kuliko saa zote za siku. Analala chali, mimi nageuka nusu usingizini, naweka shavu kwenye bega lake la kushoto. Kidevu kinakaa palepale kwenye jeli. Kila siku. Miezi mitano. Hata taulo tulikuwa tunatumia moja.

Nilimwambia tukiwa bado kwenye maegesho ya kliniki. Nilifungua kitabu, nikamkabidhi karatasi. Akaisoma, akanitazama kidevu, akaisoma tena. "Nimekupaka mimi," alisema. Nikajaribu mzaha, nikamwambia Biblia inasema mke na mume ni mwili mmoja, sisi tumezidisha. Hakucheka. Alilia, na kilio chake siku hizi kina sauti nyingine, kizito, kinakwama kooni kama gari bovu. Sikukijua. Nilimsikiliza nikiwa na huzuni na udadisi kwa pamoja, Mungu anisamehe.

Usiku ule tulizilaza karatasi zote mbili juu ya kitanda, yangu na yake, tukazisoma kwa pamoja kwa mara ya kwanza. Kwenye yangu kulikuwa na kipimo kinaitwa DHEA-S, homoni inayotoka hasa kwenye tezi zilizo juu ya figo. Kilikuwa cha kawaida. Maana yake tezi zile hazikuwa ndizo zinazomwaga testosteroni ya ziada. Altrasaundi niliyofanya baadaye nayo haikuona kitu.

Kilichotunyima usingizi hakikuwa mimi, kilikuwa mtoto wa dada yangu. Ana miaka minne. Jumamosi huletwa kwetu, na akichoka hana mto mwingine ila bega la mjomba wake, maana ndivyo anavyomwita. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza jeli hizi zibandikwe onyo la ngazi ya juu kabisa, baada ya watoto kuguswa na jeli za watu wazima wa nyumbani na kuanza kuota nywele za sehemu za siri na kukomaa mifupa kabla ya wakati. Onyo hilo lilikuwa ndani ya boksi letu muda wote, kwa herufi za kijinga, ndogo. Mimi niliyehesabu vijifuko sikuwa nimefungua kile kikaratasi hata siku moja.

Nilimpigia dada yangu. Mazungumzo yale nayaruka. Yalikuwa marefu na hayakuwa mazuri. Alimpeleka mtoto akachunguzwa, hana kitu. Jumamosi mbili hakuletwa. Ya tatu akaletwa.

Tulivyobadilisha nyumbani ni vitu vya kawaida hata vinachosha kusimulia. Jeli sasa ni tumboni, shati lenye mikono juu yake ikishakauka, mikono anaiosha kwa sabuni mara moja, taulo kila mtu lake, na kabla ya kulala karibu anaoga. Daktari alisisitiza jambo moja: siku tukipanga nibebe mimba, tumwambie mapema, kwa sababu testosteroni inaweza kumwathiri mtoto wa kike akiwa tumboni. Mume wangu alitaka ahamie sindano siku ileile, kama adhabu, ingawa anaogopa sindano hadi miguu inalegea. Nikakataa. Sindano nazo zina hesabu zake, kipimo kinapanda baada ya kuchomwa kisha kinashuka, na damu inatakiwa kutolewa katikati. Nimetosheka na hesabu kwa sasa.

Baada ya wiki nne nilipima tena. 1.4. Hakuna mshale. Hedhi ilirudi siku tatu kabla ya majibu, nikaipokea kama mgeni aliyepotea njia. Chunusi zilikuwa na kiburi zaidi, zilichukua miezi miwili mingine na zimeniachia makovu mawili. Unywele mmoja mgumu chini ya kidevu haujakubali kuondoka, nauvuta, unarudi.

Ile nusu saa ya alfajiri ipo bado. Nalala upande wa mgongo wake, shati katikati.

Juzi nilirudi kwa yule daktari wangu kwa jambo lingine, jino tu lililonipandishia homa. Wakanipa fomu mpya ya kujaza. Kwenye mstari wa dawa unazotumia nikaandika "hakuna". Nikatazama ukutani kidogo. Kisha chini yake, kwenye ukingo ambao haukuwa na mstari, nikaongeza: mume wangu, testosteroni ya jeli, kila asubuhi.

Dada wa mapokezi aliisoma, akaigeuza, akairudisha upande wa kwanza.

"Hii ya mume naiingiza wapi?"

"Popote penye nafasi," nikamwambia.