Miaka mitatu ya kulala juu ya Prado

Keria yangu ya kwanza niliipima kwenye mashine ya kusaga mahindi. Fundi wa kuchomelea hapa Moshi aliitengeneza kwa bomba za chuma za mraba, imara kweli, akaipiga na rangi nyeusi. Siku ya kuipandisha juu ya Prado tulikuwa wanaume wanne na bado tulihema. Nikaona ngoja nijue uzito wake kabla hema la kulalia, lile linalofungwa juu ya keria, halijafika. Kijana wa mashineni akanipanga nyuma ya kina mama na madebe yao, na zamu yangu ilipofika tukailaza ile keria juu ya mizani. Kilo 41.

Hema nililokuwa nimeshalilipia lilikuwa na kilo 52. Jumla 93. Kitabu cha gari langu, Prado ya mwaka 2005, kinataka mzigo wa juu ya paa usizidi kilo 80 gari likiwa linatembea, na keria yenyewe inahesabiwa humo humo.

Naanzia hapa kwa sababu karibu kila anayeniuliza habari za hema hili huanza na bei, halafu anauliza kama fisi wanaweza kupanda. Mimi namrudisha kwenye paa lake. Gari nyingi za familia kikomo chake kiko kati ya kilo 50 na 100, na hema la watu wawili peke yake ni kilo 45 hadi 60. Keria nzito ikishakaa, umebaki na nini?

Swali linalofuata huwa lile lile: kama paa linabeba kilo 80 tu, mbona mnalala watu watatu huko juu? Gari likiwa limesimama, paa linahimili mara kadhaa ya kiwango hicho, maana mzigo umetulia. Kinacholiumiza paa ni tuta, shimo, kona na breki ya ghafla. Gari likiruka tuta, zile kilo zinaruka nalo na zinarudi chini kwa kishindo kikubwa kuliko uzito wao. Na mzigo ukikaa juu, gari linakuwa jepesi kulala kwenye kona. Matuta ya barabara ya kwenda Arusha niliyokuwa nayavuka bila kufikiri, sasa nayavuka taratibu kama nimebeba mayai.

Ile keria niliiuza kwa jamaa mwenye pikapu ya kubebea majani ya ng'ombe. Badala yake nikafunga bomba tatu tu za aluminiamu zinazokatisha paa, kilo 8 zote pamoja. Pamoja na hema, kilo 60. Hapo nikalala usingizi.

Hema lenyewe nilinunua mtumba. Kuna wasafiri wanaoshuka au kupanda bara hili kwa gari, wakifika Arusha safari imekwisha au fedha zimekwisha, wanauza vyombo vyao. Langu ni la turubai la pamba iliyochanganywa na polyester, limeshonwa Afrika Kusini, ambako watu wametengeneza mahema ya aina hii kwa miaka mingi na wanajua vumbi na jua letu. Ni lile la kukunjua: linakaa juu ya gari kama godoro lililokunjwa mara mbili, unavuta ngazi, nusu yake inageuka na kutokeza nje ya gari, ngazi inakuwa nguzo. Yapo pia yale ya boksi gumu. Unafungua lachi mbili, hema linainuka lenyewe, dakika moja umemaliza. Niliyapenda. Lakini mengi ni mazito zaidi, ni ghali, na sehemu ya kulala haizidi ukubwa wa boksi lenyewe. Kwa watu wawili wasio na mtoto ningewaambia wajibane wanunue la boksi. Sisi ni watatu: mimi, mama Neema, na Neema, wakati huo ana miaka minane. Upana wa sentimita 140 ukatutosha kwa kubanana.

Usiku wa kwanza tulilala uani kwetu. Watu wanauruka huu usiku, na mimi nauona ndio usiku wenye faida kuliko yote. Turubai la pamba likiwa halijapata maji siku nyingi, vitundu vya sindano kwenye mishono hupitisha mvua. Unalifungua, unalimwagia maji kwa mpira mpaka lilowe kabisa, unaliacha likauke lenyewe, kisha unarudia. Uzi unavimba na kuziba vile vitundu. Nililimwagilia mara tatu, na mara ya tatu nikakaa ndani huku Neema akishika mpira nje. Tone moja tu lilipita, pembeni mwa dirisha la nyuma, nikaliwekea alama ya chaki na baadaye nikalipaka nta ya mshumaa.

Uani ndipo tulipogundua pia kwamba ngazi inauma. Vidato vyake ni vyembamba, na mtu hapandi na viatu. Nikakata tyubu ya baiskeli vipande vipande, nikavivisha kila kidato. Na tukajifunza kuliweka gari sawa. Gari likiinama kidogo tu, usiku kucha mnamporomokea mmoja wenu. Naweka chupa ya maji iliyojaa nusu juu ya boneti, naangalia maji yameinamia wapi, nasogeza tairi juu ya kipande cha ubao. Kichwa kinalala upande ulio juu.

Safari ya kwanza ya kweli ilikuwa Ziwa Natron. Kutoka Mto wa Mbu unapinda kaskazini kupitia Engaruka, na huko barabara ni rasta na makorongo. Baada ya kilomita sitini hivi nikasikia mlio mdogo juu ya kichwa changu, tik, tik, kila gari likitikisika. Nilisimama, nikapanda tairini. Nati mbili za kushikilia hema zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Tangu siku hiyo nimebadilisha zote, nimeweka zile zenye plastiki ndani zisizofunguka kwa mtikisiko, na spana namba 13 inakaa mfukoni mwa mlango wangu. Nakaza kabla ya kuondoka, nakaza tena nikishaanza barabara ya vumbi.

Natron ni joto. Ziwa liko chini, mita mia sita hivi kutoka usawa wa bahari, na Ol Doinyo Lengai umesimama kusini yake ukiwa na karibu mita 3,000. Jioni upepo ulishuka kwa nguvu ambayo sikuitegemea. Nilikuwa nimeegesha ili mlango wa hema utazame ziwa, tuone machweo na wale korongo wekundu, yaani flamingo, wanaotaga huko. Upepo ukaingia kwa mlangoni, hema likajaa kama tanga. Mama Neema akaniambia, "Baba Neema, hili linataka kuondoka nasi." Kisha ngazi ikaanza kuzama. Ardhi ya pale ni majivu ya volkano, laini, na ngazi ndiyo inayobeba nusu ya hema inayotokeza nje. Godoro likapinda katikati.

Tuliteremka wote, usiku, na taa za kichwani. Nikaligeuza gari mpaka pua ikatazama upepo unakotoka na mlango ukawa nyuma. Nikang'oa vile vyuma vinavyoinua vipaa vya madirisha, maana ndivyo vinavyoukamata upepo. Chini ya ngazi nikaweka ubao wa kukatia mboga. Hema likatulia hapo hapo, likawa linatingishika tu kama kitanda cha treni, na Neema akalala kabla sijapanda. Ubao ule haukurudi jikoni tena. Sasa nina wangu, sentimita 30 kwa 30, na kabla sijaegesha popote nasimama kwanza nje ya gari dakika mbili nihisi upepo.

Ngorongoro ilitufundisha baridi. Kambi ya Simba iko ukingoni mwa kreta, kwenye mita zaidi ya 2,300, na tulikwenda Julai. Ukungu uliingia saa kumi na mbili jioni. Watu wanadhani kulala juu kunakupa joto, kumbe ni kinyume. Hewa inapita chini ya sakafu, ubao unapoa, na pumzi za watu watatu zinageuka maji. Asubuhi nilinyanyua godoro kuona mbona mgongo una ubaridi, nikakuta upande wa chini umelowa kana kwamba mtu amemwaga kikombe cha maji.

Nilisoma kwamba kuna nyavu maalumu za kuweka chini ya godoro ili hewa ipite. Kuziagiza ni fedha na muda. Mama Neema akasema, mbona mkeka unafanya kazi hiyo hiyo? Tukatandika mkeka wa ukindu wa mama yake, ule wa msuko mnene. Safari iliyofuata, mahali pale pale, tukaacha madirisha mawili yanayokabiliana wazi kwa upana wa kiganja, wavu umefungwa. Asubuhi mkeka ulikuwa na unyevu kidogo, godoro kavu. Nawasisitizia wenzangu hapa: ukihisi baridi, ongeza blanketi, usifunge madirisha yote. Ukifunga yote unaamka umelowa, na aliyelowa ndiye anayeganda.

Jioni ile ya kwanza askari wa kambi alipita, akasalimia, kisha akauliza, "Mzee, matunda mnayo?" Tulikuwa na machungwa kwenye mfuko, ndani ya hema, Neema alikuwa amepanda nayo. "Yashushe yote. Peleka jikoni. Tembo hajali kwamba uko juu." Tulipeleka kila kitu, mpaka dawa ya meno. Usiku wa manane tukasikia maji yakivutwa kwenye tanki, mvuto mrefu, kimya, mvuto tena. Nilifungua zipu inchi mbili. Alikuwa dume, hatua thelathini hivi kutoka kwetu, ukungu umemfunika miguu. Nilimwamsha Neema taratibu nikamwekea kidole mdomoni. Tulimtazama mpaka akashiba akaondoka, na sikuwahi kumwona mwanangu ametulia hivyo.

Kwa hiyo ndiyo, huko juu uko salama dhidi ya fisi, nyoka, na maji ya mvua yanayopita chini. Ila mtoto atataka kukojoa saa nane usiku, na Ngorongoro nyati wanalisha katikati ya kambi. Sisi tunapanda na ndoo ndogo yenye mfuniko. Mtu mzima akilazimika kushuka, anamulika kwanza pande zote kutafuta macho, na mwingine anabaki mlangoni na taa ya pili. Kandambili hazibaki chini ya ngazi, maana fisi huziokota. Zina mfuko wao unaoning'inia mlangoni.

Kuna kosa moja linaniuma mpaka leo. Tulikunja hema asubuhi ya mvua, hakukuwa na namna, tukarudi nyumbani, na nikaingia moja kwa moja kwenye wiki ya kazi. Siku nne. Nilipolifungua, pembe ya ndani ilikuwa na madoa meusi ya ukungu na harufu ya pango. Nilisugua kwa siki na maji vuguvugu, kwa brashi laini. Harufu ilikwisha, madoa yapo. Dawa kali za kung'arishia sikuthubutu, zinakula turubai. Siku hizi hema likikunjwa bichi linafunguliwa siku ile ile tunapofika, hata kama ni usiku, linalala wazi uani mpaka mishono ikauke.

Serengeti nilikwenda nalo mara moja na sina hamu ya kulipeleka tena kwa namna ile. Wanyama wanataka uondoke alfajiri, na gari lako ndiyo nyumba yako. Kila siku tulikunja saa kumi na moja na nusu gizani, godoro na blanketi tukisukumiza ndani, mfuniko ukikataa kufunga zipu, vidole vimeganda. Robo saa ya haraka haraka, na ukitoka nafasi yako inachukuliwa. Kwa anayehama kila siku hili hema ni jambo jema sana. Kwa anayekaa siku tatu Seronera, hema la chini linafaa zaidi: gari liko huru, na kwa mfuko wake ni nafuu mara nyingi.

Gari sasa linakula mafuta zaidi. Nilikuwa napata kilomita 8 kwa lita, nikiwa na hema juu napata 7 na kidogo, kwa hiyo hema linashuka nisipokuwa na safari. Nimefunga kapi mbili kwenye boriti za banda, kamba inalivuta juu, gari linatoka chini yake. Tunafanya watu wawili, dakika ishirini.

Neema sasa ana miaka kumi na moja na magoti yake yananifika mbavuni. Wiki iliyopita kuna familia inauza hema la sentimita 180 huko Arusha. Nilimwomba muuzaji ruhusa ya kulipima kabla ya kuzungumza bei, akashangaa lakini akakubali, tukalipakia mpaka kwenye mashine ya kusaga. Kilo 66. Pamoja na bomba zangu, 74.